Saa ya Ngazini

Filamu ya Titanic, aliyoiongoza James Cameron mwaka 1997, inamalizikia ngazini. Rose, bibi kizee wa miaka mia, amelala. Kamera inapita taratibu juu ya picha zilizopangwa karibu na kitanda chake. Katika mojawapo kapanda farasi kiume. Kisha meli iliyozama inang'aa upya, na Jack anamngoja juu ya ngazi kuu, mbele ya saa. Mishale yake inaonyesha saa nane na dakika ishirini. Hapana asemaye neno.

Kimya hiki ndicho mtihani wa mfasiri. Katika banda la video la Ruangwa, kama kwingineko Tanzania, filamu ya kigeni aghalabu huja imetiwa sauti ya Kiswahili juu yake, sanaa iliyomvumisha Lufufu. Msimulizi wa namna hii si mkalimani mtupu: hutania, hukemea, humtabiria mwovu mwisho wake. Basi pasipo na maneno ya kufasiri afanye nini?

Aliyeichunguza filamu anajua kuwa meli ya kweli ilizama saa hiyo hiyo, usiku wa kuamkia mapambazuko ya 15 Aprili 1912, na kwamba waliojipanga ngazini ni waliokufa. Huenda Rose naye ameaga dunia. Huenda anaota tu. Filamu hailikati shauri hilo.

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Hapa methali hiyo inaonea. Mtazamaji wa Ruangwa si mjinga. Hakupewa habari ya saa ile, basi. (Kusoma saa hahitaji kufundishwa: mshale ukiwa kwenye mbili, yeye husema nane, na kila siku huifasiri bila kujisifu.) Kumficha ni kumdhulumu.

Lakini kumwambia, "Bibi keshakufa, tazameni," ni dhuluma iliyo kubwa zaidi. Pengine bandani yumo aliyefiwa katika MV Bukoba mwaka 1996, au katika Spice Islander iliyozama baina ya Unguja na Pemba mwaka 2011. Mbele yake amesimama mtu aliyechukuliwa na maji, nguo zake kavu, akingoja. Anachokiona mfiwa huyo pale, hakuna uchunguzi wa filamu utakaokifikia.

Mfasiri na aseme, "Ni saa nane na dakika ishirini, saa ile ile meli ilipozama." Kisha anyamaze, hata kama wateja wamezoea awasemee mpaka mwisho.