Kuifunga Kompyuta ya Shule: Je, Ni Kuwadharau Watoto?

Kompyuta moja ya shule hutumiwa na watoto wengi kwa zamu. Mmoja akipakua michezo, anayemfuata huikuta imejaa virusi, na saa yake ya somo imepotea bure. Kwa hiyo walimu huifunga. Hata mwisho wa mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa bila malipo programu iitwayo SteadyState: mwalimu akiipanga hivyo, kompyuta ilipowashwa upya mabadiliko yote yalifutika.

Je, huko ni kuwadharau watoto? Mimi naona sivyo. Kitu cha wote si changu nikigeuze nipendavyo. Kufuli hulinda zamu ya mwenzangu. Walakini liko neno. Kompyuta inayosahau kila kosa haimfundishi mtoto: ameharibu, wala hana wa kumwomba radhi. Tena hufuta pamoja na michezo ile insha aliyoiandika kwa jasho, kama hakuiweka katika flashi. Basi mwalimu afunge, lakini awaeleze sababu. Na wale wakubwa wapewe kompyuta moja isiyofungwa, wakiiharibu waitengeneze wenyewe.