Arubuni ya Nyumba ni Mali ya Nani?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake: nimeulizwa hapa Chwaka, baada ya sala ya Alasiri, swali ambalo nimeona si la mtu mmoja, nikaonelea niliandike wapate kufaidika na wengine.

Mwulizaji ni mvuvi wa madema, na mkewe hulima mwani katika ghuba yetu. Tangu waoane wamekaa katika chumba cha nyumba ya wazee, na miaka minne wakiweka akiba ili wanunue nyumba yao ya kwanza. Mume aliweka alichobakiza katika samaki. Mke alikuwa akitoka na maji ya bamvua, akifunga mbegu za mwani kambani, akivuna, akianika, akiuza, na fungu lake akilitia katika upatu wa wanawake. Ilipomfikia zamu alipata shilingi milioni 2. Fedha hiyo wakampa mtu mwenye boma la matofali lisilopauliwa, iwe arubuni, na bei yote ni milioni 9. Milioni 7 zilizobaki walikuwa nazo, wakaahidi kuzitoa katika miezi mitatu.

Kumbe bei si mwisho wa gharama. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, na kinachouzwa ni jengo na haki ya kutumia. Basi haki hiyo haihami mkononi kwa maneno matupu. Hutakiwa kuandikwa, na kuandikwa kuna ada, na mpimaji ana ujira wake. Muuzaji hakuyataja haya siku ya kupokea arubuni. Aliyataja mwezi wa tatu, na akasema yote yamkalia mnunuzi. Yule mvuvi akapunguza katika zile milioni 7 ili alipie karatasi, bei ikapungua. Akarudisha katika bei, karatasi zikakosa. Muda ukapita. Muuzaji akasema: "Arubuni imekwenda, ndiyo desturi."

Kabla ya hilo, yule bibi alitaka kujua kama fedha ya upatu ni halali, kwa kuwa mtu mmoja alimwambia ni riba. Jawabu: si riba, maadamu kila mmoja atoa kadiri moja na kupokea kadiri ile ile, na kijumbe hakati ziada. Sheikh Qalyubi, katika wanavyuoni wa madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 1069 Hijria, ameutaja mchezo huu wa wanawake kwa sifa zake, akaujuzisha, naye amenakili kwa Waliyyuddin al-Iraqi aliyekuwa mbele yake kwa zaidi ya karne mbili. Ama akiba ya mume, hiyo ina zaka. Wengi hudhani kuwa fedha ikitiwa nia ya nyumba huwa kama nyumba, na nyumba ya kukaa haina zaka. Sivyo. Fedha ni fedha mpaka itoke mkononi. Ikifika nisabu, nayo kwa kipimo cha fedha nyeupe ni kadiri ya gramu 595, ikatimia mwaka wa kiandamo, rubu ya sehemu ya kumi ni ya wenye haki yake.

Sasa turudi katika arubuni. Jua ya kwamba neno hili tumelipokea kwa Waarabu, na hukumu yake imekuja pamoja nalo. Madhehebu ya Imamu Shafi'i, na vile vile ya Imamu Malik na ya Imamu Abu Hanifa, yasema: mtu akinunua kwa sharti ya kuwa akitimiza arubuni ihisabiwe katika bei, na asipotimiza imwendee muuzaji bure, bei hiyo ni batili. Sababu ni kuwa muuzaji amejishurutishia mali isiyo na badali. Na kwa kuwa bei ni batili, fedha haikutoka katika milki ya mwenyewe.

Na kuna hadithi ya kukataza bei ya arubuni, aliyoipokea Imamu Malik na Abu Daud, nayo isnadi yake ina udhaifu. Kwa hivyo Imamu Ahmad hakuishika, akajuzisha arubuni, na hoja yake ni nyumba. Nafi' bin Abdilharith, aliyekuwa liwali wa Makka, alinunua nyumba kwa Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa sharti ya kuwa Sayyidna Umar akiridhika bei imetimia, na asiporidhika Safwan apate 400. Na mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika mkutano wake wa Brunei, liliijuzisha pia, ikiwa muda umewekwa.

Sitaki kuificha kauli hiyo, maana aliye mbioni kuitafuta ataipata. Lakini tazama, ewe msomaji: yule aliyekuwa hatarini kupoteza 400 alikuwa dola, na khiyari ilikuwa ya kuridhika au kutoridhika. Huyu wetu hakugeuka. Ameridhika na nyumba mpaka leo, akipita hulitazama boma. Ameshindwa kwa gharama aliyofichwa, na mwenye kuificha ndiye anayedai faida ya kushindwa kwake. Hata kwa kauli ya Imamu Ahmad mimi sioni njia ya mtu huyu kuila fedha ile kwa moyo mweupe. Wallahu a'alam.

Muuzaji nilimwita, akaja kwa adabu. Akasema: "Maalim, nimemfungia nyumba miezi mitatu, na amekuja mwengine na fedha taslimu nikamrudisha. Khasara yangu nani ataitazama?" Neno hili lina haki ndani yake, wala halifai kudharauliwa. Nikamwambia: khasara iliyothibiti ielezwe, isuluhishwe kwa radhi, isipimwe kwa urefu wa fedha uliyokwisha kuishika. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema atarudisha milioni moja na nusu, na laki tano asamehewe.

Mume akasema papo hapo: "Nimesamehe." Nikamzuia. Fedha ile ilitoka katika upatu wa mkewe, na mali ya mke ni yake. Mume hana kauli ya kuisamehe, hata kama wanalala chini ya dari moja na akiba ni ya nyumba moja. Wanaume wengi wa pwani hulisahau hili, na wengine hujisahaulisha. Ikabidi mwenyewe aulizwe, naye alikuwa baharini, maji yametoka mbali. Tukangoja yajae.

Akaja na kamba begani, akakaa barazani, akasikiliza yote. Akasema: "Laki mbili na nusu namwachia kwa miezi aliyonifungia nyumba. Laki mbili na nusu anipe, nina zamu ya watu ya kulipa."