Mwongozo Usiokamilika

Nafundisha vijana kuandika programu, na swali hili hunikera: ni haki kumpa mwanafunzi elimu ambayo haijakamilika? Oktoba 2021 watunzi wa React, maktaba ya JavaScript ya kuundia sura za programu, walitoa toleo la majaribio la mwongozo wao mpya, baadhi ya kurasa zikiwa bado hazijaandikwa. Wangengoja ukamilike, Machi 2023, wanafunzi wangeendelea kusomeshwa kwa klasi, mtindo wa zamani wa React, ilhali huki (hooks), mtindo mpya, zilikuwapo tangu 2019. Kungoja huko kungekuwa udanganyifu wa aina yake. Walitamka wazi kwamba ni majaribio, wakaomba wakosolewe, na mwongozo wa zamani hawakuufuta. Kwangu mimi, walikuwa na haki.