Kabla ya Adhuhuri

Umar bin Abdul-Aziz alikuwa amekesha usiku kucha. Khalifa Sulaiman bin Abdul-Malik, mtoto wa ami yake, alikuwa amefariki huko Dabiq, kaskazini mwa Sham, mwezi wa Safar mwaka wa 99 Hijria. Wosia wake uliotiwa muhuri ulipofunguliwa mbele ya watu na mwanachuoni Rajaa bin Haiwa, jina lililosomwa lilikuwa la Umar. Akamzika Sulaiman, akapokea kiapo cha utii, akawarudisha farasi wa fahari waliotandikwa kwa ajili yake, akapanda nyumbu wake wa siku zote. Kisha akaingia ndani ajinyooshe kidogo.

Mwanawe, kijana Abdul-Malik, akamfuata kumuuliza anakusudia kufanya nini. Baba akajibu kwamba anataka kulala kidogo. Kijana akashangaa: atalalaje, na haki za watu waliodhulumiwa hajazirudisha? Umar akamweleza kwamba usiku hakufumba jicho, na kwamba atazirudisha akishaswali Adhuhuri. Hapo mtoto akamuuliza baba yake ni nani aliyemdhaminia kuwa ataishi mpaka Adhuhuri.

Wapokezi wanasema Umar alimvuta karibu, akambusu kati ya macho, akamshukuru Mola aliyempa mtoto wa kumsaidia katika dini yake. Akatoka bila kulala, akaamuru mnadi apite akitangaza: aliyedhulumiwa na aje aseme.

Ndugu yangu msomaji, swali lile la kijana halijanitoka tangu nilipolisikia nikiwa mtoto. Nimeona watu wengi wema wakifa wakiwa na nia safi ya kurudisha. Nia walikuwa nayo miaka ishirini.

Tusije tukadhani Umar alikuwa fakiri asiye na cha kupoteza. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa takriban miaka 20. Mkewe Fatima alikuwa binti wa khalifa, dada wa makhalifa, na sasa mke wa khalifa. Katika ujana wake Umar alijulikana kwa nguo za thamani na manukato. Mwendo wake wa maringo uliigwa na watu wa Madina. Alikuwa na mashamba Yemen, Yamama na Fadak. Damu ya babu yake mzaa mama, Asim mwana wa Umar bin al-Khattab, ilikuwamo mwilini mwake, lakini damu peke yake haimrudishii mtu shamba lake.

Siku moja aliwakusanya watu msikitini, akapanda mimbari. Akasema kwamba jamaa zake walimgawia vitu ambavyo wao hawakuwa na haki ya kuvitoa, na yeye hakuwa na haki ya kuvipokea, na kwamba anaanza na nafsi yake na watu wa nyumba yake. Akamwambia Muzahim, mtumishi wake aliyeachwa huru, asome. Muzahim akawa anasoma hati za mashamba moja moja, na kila moja ikishasomwa Umar anaichukua na kuikata kwa mkasi aliokuwa nao mkononi. Wakaendelea hivyo mpaka ikaadhiniwa Adhuhuri. Hata kijiwe cha pete alichopewa na Khalifa Walid, kilicholetwa kutoka Maghribi, alikivua akakirudisha. Inasimuliwa kwamba alichobaki nacho ni chemchemi ya Suwaida, kwa sababu aliichimbua kwa posho yake mwenyewe. Jambo hili la Suwaida ni zito kuliko linavyoonekana. Hakutupa kila kitu ili watu wamwone mchamungu. Alikaa akatenganisha: hiki changu, hiki si changu.

Kazi ya kutenganisha ndiyo tunayoikimbia. Nimekaa katika vikao vya mirathi zaidi ya kimoja, na neno nililolisikia mara nyingi ni hili: marehemu ndiye aliyeacha mambo hivi. Kiwanja cha mjane kimeingizwa katika uzio wa shemeji yake. Shemeji amekufa, watoto wamejenga, na sasa kila mtu anasema alikikuta. Minazi ya yatima inavunwa na ami tangu mtoto akiwa mchanga, na mtoto leo ana ndevu. Binti wa kazi aliondoka bila mishahara ya miezi mitatu, na mwenye nyumba amekwishafanya Umra mara mbili. Ukiuliza, unajibiwa kwa upole kabisa kwamba mambo ya zamani yasifukuliwe, yataleta fitina katika ukoo.

Umar naye alikuta. Fadak haikuchukuliwa na yeye, ilimfikia kupitia kwa babu yake Marwan, kama inavyotajwa katika Sunan Abi Daud, naye akairudisha katika hali iliyokuwa nayo zama za Mtume (S.A.W.). Angeweza kusema kwamba wenye kosa wako makaburini. Aliona kwamba mradi kitu kiko mikononi mwake, ni yeye atakayeulizwa.

Kuhusu mkewe, alimpa Fatima hiari: vito alivyopewa na baba yake virudi Baitul-mali, au waachane, kwani hakutaka kukaa navyo chini ya paa moja. Fatima akamchagua mume. Baada ya Umar kufa, kaka yake Fatima, Yazid, alipokuwa khalifa alitaka kumrudishia vito vile. Akakataa, akisema hawezi kumtii akiwa hai kisha akamuasi akiwa kaburini. Wake na waume wanaosoma safu hii, tazameni nyumba ya namna hiyo. Mume akitaka kurudisha cha watu na mke akamzuia kwa ajili ya watoto, au mke akitaka na mume akamcheka, wote wawili wataulizwa.

Ukoo ulimjia juu. Bani Umayya walimtuma shangazi yake, Fatima binti Marwan, mama wa heshima kubwa, alalamike kwamba posho zao zimekatwa. Umar akaagiza kipande cha nyama, dinari moja na makaa. Dinari ikapashwa moto hadi ikawa nyekundu, akaiweka juu ya nyama ikachoma na kutoa mlio. Akamuuliza shangazi yake kama hamhurumii mtoto wa kaka yake na kitu kama kile. Mama yule akarudi kwa ndugu zake na kuwalaumu: mmeoa katika nyumba ya Umar bin al-Khattab, mtoto amefanana na babu yake, sasa mnalalamika nini?

Abu Zinad amepokea kwamba Iraq walirudisha haki za watu kwa amri yake mpaka Baitul-mali ya huko ikaisha, ikabidi apeleke mali kutoka Sham. Na Umar hakuwadai waliodhulumiwa ushahidi wa kukata na shoka. Akishatambua jinsi mtu alivyodhulumiwa, alitosheka na dalili ndogo. Sisi tunajua fika, kisha tunamwambia mjane alete karatasi.

Lakini kuna deni moja ambalo Umar hakuweza kulirudisha, na nisingependa kulificha. Mwaka wa 93, alipokuwa gavana wa Madina, Khalifa Walid alimwamuru ampige mijeledi Khubaib, mwana wa Abdullah bin Zubair. Akatii. Khubaib akapigwa, akamwagiwa maji ya baridi wakati wa kipupwe, akasimamishwa mlangoni pa msikiti, naye akafa. Hati ya shamba unaweza kuikata kwa mkasi. Roho ikitoka haina mkasi wala mnadi. Inasimuliwa Umar alilipa dia, na huzuni ile haikumwacha mpaka mwisho. Watu walipomsifu kwa mema yake na kumtajia Pepo, aliwauliza: na Khubaib je? Naamini haraka ile ya siku ya kwanza, ya kutoka bila kulala, ilitoka hapo. Alikuwa amekwishajua ladha ya kuchelewa.

Basi, ndugu yangu, kama kuna kitu cha mtu mikononi mwako, usingoje Ramadhani wala usingoje uzee. Mwendee mwenyewe faraghani, usimfanyie sherehe. Amekufa? Warithi wake wapo. Huwezi kulipa kwa mara moja? Mwambie kiasi na muda, na uandike katika wosia wako ili watoto wasije wakasema walikikuta. Umemtafuta na hakupatikana kabisa, yeye wala warithi wake? Mtolee sadaka kwa niaba yake, na ukubali kumlipa akitokea. Msikiti uliojengwa kwa mali ya yatima haumlipi yatima.

Kijana Abdul-Malik alitangulia kufa kabla ya baba yake. Umar mwenyewe alitawala miaka miwili na miezi kama mitano, akafariki mwezi wa Rajab mwaka wa 101, akiwa na umri wa karibu miaka 40, mahali paitwapo Dair Sim'an huko Sham. Ardhi ya pale ilikuwa ya Wakristo. Alipohisi mwisho umefika, alimtumia ujumbe mwenye ardhi kwamba anataka kununua mahali pa kaburi. Mwenyewe akasema ni fahari kwake khalifa kuzikwa kwake, achukue bure. Umar akakataa, akamlipa.