Kupenda Kupi?



Sisi tusemao Kiswahili tunalibebesha neno kupenda mizigo mingi. Twapenda ugali, twapenda mpira, twawapenda wake zetu, twampenda Mungu. Wayunani walikuwa na maneno mbalimbali. Katika Yohana 21 Bwana amwuliza Petro mara mbili kwa neno agapao, na mara ya tatu kwa fileo, kupenda kwa marafiki. Petro ajibu kwa hilo la pili mara zote. Biblia yetu ya Union ya 1952 yasema kupenda tu. Wako wataalamu wasemao kwamba Yohana alibadilisha maneno tu bila kusudi. Huenda.

Lakini sisi nasi tuna upendo, mapenzi, mahaba na huba, na bado twachanganya. Kijana wa hapa Ngerengere amwona binti stesheni, wiki hiyo hiyo ataka kupeleka posa. Alicho nacho ni tamaa. Si dhambi kutamani mke, ila tamaa haijui kuuguza mgonjwa.

Na mzazi je, amzuiaye binti yake kwenda chuoni kwa kuwa "anampenda mno"? Anapenda awe naye karibu. Twamhurumia, lakini alipaye gharama ni binti.

Milimani Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi hufuata ukoo huo. Wageni hudhani basi baba hana upendo. Kumbe huamka alfajiri na jembe, kuwalimia watoto wasio wa ukoo wake.