Kujifunza Juu ya Kichwa cha Mwingine

Swali tunaloliandika hapa limetufikia kwa njia ya mtambo, lakini si swali la mitambo. Ni swali la haki. Mwalimu hana budi kujifunza siku zote za kazi yake. Je, anapojifunza kazi mpya, ni nani alipe gharama ya makosa yake? Sisi tunaouliza ni walimu watatu wa shule moja ya msingi, nasi twauliza kwa sababu tumekwisha kukosa.

Mambo yalianza hivi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Vyetu vilikaa kabatini muda mrefu, vimefunikwa kitambaa kama sahani za wageni. Halafu mwenzetu mmoja, aliye kijana kuliko sisi wengine, alikwenda kwenye mafunzo ya walimu kazini, akarudi na wazo kwamba kila darasa liwe na tovuti yake. Kwa wale wasioijua, tovuti ya darasa ni kama ubao wa matangazo uliotundikwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kuusoma, awe hapa kijijini au Mwanza au ng'ambo. Mwalimu huweka hapo masomo, mazoezi ya likizo, na kazi za watoto. Zipo programu za kuitengeneza bila malipo; tuliyoitumia sisi ni Google Sites, iliyoanza mwaka 2008, ambayo haimdai mtu ajue zile alama ambazo kurasa za intaneti huandikwa kwazo. Mtu hupanga picha na maneno kama anavyopanga viti sebuleni, kisha hubonyeza mahali palipoandikwa "chapisha".

Yasikika rahisi. Kwetu haikuwa rahisi. Tulikutana jioni katika ofisi ya walimu, tukichangiana fedha za bando, na mara nyingi umeme ulikatika kabla kazi haijahifadhiwa. Tuliandika kichwa cha habari kikatoweka. Tuliweka picha ya mzunguko wa maji ikalala kifudifudi. Mwishowe tulikwenda kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Kijana huyo alisoma kwetu, na yapasa tukiri kwamba katika siku zake tulizoea kumwita mzito mbele ya wenzake. Alitupokea vizuri. "Shikamooni walimu," alisema, akafuta benchi kwa kanga kuukuu tukaketi. Alitufundisha majuma matatu kwa subira ambayo sisi hatukumpa yeye hata siku moja, na kila tulipositasita aliturudia: "Mwalimu, usiogope kubonyeza. Haivunjiki."

Tuliona haya, lakini haya hiyo ilitufaa. Tulianza kusema mbele ya watoto neno ambalo walimu hatulipendi, yaani "sijui". Mtoto wa darasa la sita alimwonyesha mmoja wetu jinsi ya kuigeuza ile picha, na darasa zima lilipiga makofi. Wako wazee watakaosema kwamba hapo heshima ya mwalimu imekwisha. Sisi hatuoni hivyo. Kwanza, jambo hili si geni katika nchi yetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto wote walipotakiwa kuingia shule, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa huku wenyewe wakiendelea kujifunza ualimu kwa masomo ya redio na ya posta. Watu waliwacheka, wakawaita walimu wa UPE kama vile ni jina la ugonjwa. Hata hivyo wengi kati yetu tulisomeshwa kuandika na mikono yao. Mwalimu anayejifunza hadharani huwaonyesha watoto kwamba kutojua si fedheha. Hilo tungali tunaliamini.

Sasa twaja kwenye kosa.

Mwisho wa muhula tulitaka tovuti yetu ipendeze. Tulikwisha kusikia kwamba shule ya jirani nayo inatengeneza ya kwake. Basi tuliweka matokeo ya Hisabati ya darasa la sita, majina yote kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho, na kando ya kila jina picha ndogo ya mtoto, ambayo tulijivunia sana kwa kuwa tulikuwa tumejifunza kuiweka juma lile lile. Wa mwisho alikuwa binti mmoja mpole, aliyepata 7 kati ya 50. Jina lake hatulitaji. Kila siku matokeo kama hayo tuliyabandika ukutani, wala hakuna aliyelalamika, kwa hiyo hatukufikiri kwamba tunafanya jambo jipya.

Kumbe lilikuwa jipya. Karatasi ya ukutani husomwa na wanaopita, mvua ikainyeshea, ikaisha. Ukurasa huu ulisomwa na vijana wa stendi. Mmoja aliupiga picha kwenye simu yake, akaituma kwa wenzake. Siku ya pili tulisikia, tukaufuta mara moja, lakini ile picha tulikuwa hatuna uwezo nayo tena. Binti akapewa jina la Saba. Akienda kisimani ni Saba, akitumwa dukani ni Saba. Akaacha kuja shule.

Tulikwenda kwao, maana anakaa na bibi yake. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatupa viti, tukaeleza. Tulisema kwamba hatukuwa na nia mbaya, kwamba teknolojia hii ni mpya kwetu, na kwamba tulikuwa tunajifunza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ukali: "Nawasikia, wanangu. Mlikuwa mnajifunza. Sasa mlikuwa mnajifunza juu ya nani?"

Hatukuwa na jibu, na tulipokuwa njiani kurudi mmoja wetu aliikumbuka ile methali: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kwa kawaida twaitumia kusema kwamba kila mtu huhitaji msaada wa mwenzake. Lakini ina upande wa pili ambao hatukuwahi kuutazama. Ikiwa kinyozi hajinyoi, basi hata ukinyozi wake alijifunza juu ya vichwa vya watu wengine. Kila kosa la wembe lilitoa damu isiyokuwa yake.

Je, twaweza kuepuka jambo hili? Hatuwezi kabisa. Mwalimu mwanafunzi anapopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, hufundisha watoto wa kweli, wala watoto hao hawatarudishiwa saa zile alizowachanganya. Mganga naye alimchoma mtu sindano ya kwanza. Anayesema kwamba mtu asiguse kazi mpaka aijue, anasema kwamba kazi hiyo ife pamoja na wanaoijua leo. Walakini tazama jinsi mafundi wenye busara wanavyofanya. Fundi cherehani hampi mwanagenzi kitenge cha mteja siku ya kwanza. Humpa vipande vilivyosalia chini ya meza, ashone, afumue, ashone tena, na fundi akiwa karibu. Chuo cha ualimu nacho humweka mkufunzi nyuma ya darasa. Katika kutengeneza tovuti sisi hatukuwa na vipande wala mkufunzi. Tulianza na kitenge cha mteja, na kitenge chenyewe kilikuwa sura ya mtoto.

Twafikiri tofauti iko hapo. Yako makosa ambayo anayejifunza hulipa mwenyewe, na yako makosa ambayo hulipwa na mwingine. Picha ya mzunguko wa maji ikilala kifudifudi, tutachekwa sisi. Somo likiandikwa vibaya, tutasahihishwa, huenda na mtoto, na hapo kila mtu amefaidika. Lakini jina la mtoto likiwekwa pasipostahili, sisi twafuta na kwenda kulala, naye analibeba. Kijana wetu wa kibandani alisema kweli kuhusu mtambo, kwamba hauvunjiki. Hakuulizwa kuhusu mtoto.

Jambo jingine latushangaza. Kazi ya mwalimu katika tovuti haidumu hata kidogo. Walimu wengi wa nchi za nje walijenga tovuti za madarasa katika Wikispaces, iliyoanza mwaka 2005; mwaka 2018 wenyewe waliifunga, na yeyote ambaye hakuwahi kuhamisha vitu vyake aliikuta miaka ya jasho imekwenda. GeoCities iliyoanza 1994 ilifungwa 2009 vivyo hivyo. Ni nyumba za kupanga, na mwenye nyumba hakuulizi. Basi kile tulichokitengeneza kwa bidii chaweza kutoweka siku moja, na aibu iliyotengenezwa kwa bahati mbaya ikabaki katika simu ya kijana wa stendi. Hatujui la kufanya kuhusu hilo, ila kulijua kabla ya kubonyeza.

Wengine wametuambia kwamba sheria imekwisha kulimaliza swali. Ni kweli, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jirani zetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2019, na mnamo Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, lilieleza kwamba halitatangaza tena shule bora wala watahiniwa bora. Ikiwa baraza limeacha kumtangaza wa kwanza, sisi tulipata wapi ujasiri wa kumtangaza wa mwisho?

Lakini idhini ya mzazi, ambayo watu huitaja kana kwamba ni ufunguo wa kila mlango, yatutia wasiwasi. Tukimpelekea yule bibi karatasi atie dole gumba, atatia. Wazazi wetu walio wengi watatia. Watatia kwa sababu ni mwalimu aliyeomba, na mwalimu hakataliwi. Wengi wana simu za kitochi, hawajapata kuiona tovuti, hata hawajui wanaruhusu nini. Idhini iliyotolewa kwa heshima na mtu asiyejua haimwondolei mwombaji mzigo wake. Twaona yamwongezea, maana sasa ameaminiwa. Kukosa mtu wa kukukataza si sawa na kuruhusiwa.

Baada ya hayo mmoja wetu alisema tuache kabisa, tuvirudishe vishikwambi kabatini. Tulibishana usiku mzima, na hatuwezi kusema kwamba tulikubaliana vizuri. Alisema kwamba tovuti ile haikuwa ya watoto tangu mwanzo. Ilikuwa ya kuonekana na shule ya jirani na wakubwa wa elimu. Neno hilo lilituuma kwa kuwa lilikuwa la kweli. Lakini wengine tuliona kwamba kuacha nako kungewalipisha watoto gharama. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wetu walikaa nyumbani bila zoezi hata moja, na sisi hatukuwa na njia ya kuwafikia wale ambao kwao palikuwa na simu. Mwalimu asiyejifunza hakosei mbele za watu, lakini watoto hukosa.

Basi tumeendelea, kwa hofu kuliko mwanzo. Tovuti ina masomo na mazoezi, na picha tunazochora wenyewe. Kila ukurasa mpya huufungia kwanza tusomane sisi watatu, juma zima, na huo ndio mkoba wetu wa vipande. Matokeo hayawekwi. Sura za watoto haziwekwi. Kazi ya mtoto yaweza kuwekwa bila jina, baada ya mzazi kuonyeshwa tovuti kwa macho yake katika kishikwambi chetu, na baada ya mtoto mwenyewe kuulizwa peke yake, si mbele ya darasa, na kuambiwa kwamba aweza kukataa. Mvulana mmoja mwenye insha nzuri kupita zote alikataa, nasi tulinung'unika siku mbili, jambo lililotuonyesha kwamba bado hatujapona.

Yule binti alirudi shule baada ya majuma matano. Tulimwomba radhi mbele ya bibi yake. Jina la Saba wachache wangali wanalitumia. Tumewakemea, na twajua kwamba kukemea hakufuti. Muhula huu alichora ramani ya kata yetu, na visima vyake vyote, na vichochoro ambavyo sisi wenyewe hatukuvijua. Tulimwuliza kama tungeweza kuiweka katika tovuti, bila jina.

"Nikikataa, mwalimu?" aliuliza.

Tulimwambia akikataa, basi, haitawekwa, wala hakuna atakayemkasirikia.

Alifikiri kidogo, akakataa. Ramani iko ukutani, darasa la saba, karibu na dirisha.