Mama Yule Chumbani

Mwanafunzi wa uzamili achunguzaye sanaa ya watu weusi wa ughaibuni, akifika mtaa wa Third Ward mjini Houston, Marekani, atakuta safu ya nyumba za mbao, nyembamba, za aina aliyoipenda mchoraji John Biggers. Mwaka 1993 Rick Lowe na wasanii wenziwe sita walianza kuziokoa 22, zilizokuwa magofu. Baadhi wakazifanya za maonyesho. Nyingine baadaye wakakaa akina mama vijana waleao peke yao huku wakisoma. Lowe mwenyewe husimulia kuwa mwanafunzi wa sekondari alimwambia: shida zetu twazijua, hatuhitaji kuchorewa.

Basi mama yule chumbani, ni jirani wa sanaa au ni sehemu yake? Wako wasemao ni sehemu, na kwamba huko ni kumtukuza. Mimi sikubali. Picha haiombwi ruhusa kabla ya kutundikwa. Mtu huombwa, na mlangoni pake hupigwa hodi. Mtafiti naye aulize kwanza iwapo mama ataka kuandikwa. Akikataa, tasnifu na ipungue sura nzima.